Mosoti wa Tarumbeta na Neno Baba

Karani aliyekalia kiti changu ameniomba nimwandikie jinsi ya kutunza redio ya ukumbi wa Kisii. Kazi yenyewe haijazi ukurasa. Betri iongezwe maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chupa safi, kamwe si maji ya mtoni. Kila wiki ipelekwe kwenye kinu cha mahindi, ikajazwe moto kwa injini, na anayeibeba asivae suruali anayoipenda. Wingu likikaa juu ya vilima vya Manga, waya wa juu uchomolewe mara moja, hata kama watu wanapiga kelele, kwa kuwa radi ya Kisii haina simile. Anayetaka hayo tu aishie hapa. Vyeo sikupata vya kusimulia, na mshahara wangu mke wangu anaujua kuliko mimi.

Yaliyobaki ni marefu kidogo, na yanamhusu Mosoti, ambaye ninyi vijana mlimjua kwa kicheko tu.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nilipanda Kisii miaka ya thelathini, kijana wa kama miaka ishirini, nina shati mbili na barua ya mchungaji iliyosema kwamba Petro ni mwaminifu na anajua kusoma. Fundi Ramadhani, mwenye duka la gramafoni na baiskeli karibu na msikiti, aliisoma barua hiyo, kisha akaigeuza aone kama upande wa pili kumeandikwa jambo la maana zaidi. Fundi alizaliwa mjini hapo hapo. Mama yake alikuwa Mkisii, baba yake askari aliyetoka mbali kaskazini, na yeye mwenyewe alisema lugha tano, zote kwa sauti ya chini.

Siku ya kwanza alinipa gramafoni iliyokwama. Nikataka kumwonyesha kwamba mchungaji hakusema uongo, nikafungua kasha la springi kabla hata hajaketi. Springi ya gramafoni iliyobanwa ni kama nyoka aliyekanyagwa. Iliruka, ikanichana kidevu, na alama ipo hadi leo. Fundi alinifunga kitambaa, akaniambia, "Umeifungua kabla ya kuisikiliza. Kwanza masikio, halafu mikono."

Hiyo ilikuwa kanuni yake ya kwanza. Ya pili alinipa wiki hiyo hiyo. Mteja mmoja wa Keroka alileta mashine yake akasema inalia kama mbuzi aliyefungwa. Nikaandika daftarini: springi imelegea. Fundi akauchana ukurasa.

"Nani kasema springi?"

"Mimi, fundi."

"Wewe ndiye mteja? Mteja kasema mbuzi. Andika mbuzi. Andika mgonjwa alivyosema, si unavyodhani wewe."

Nikaandika mbuzi, na nilijiona mjinga. Lakini kumbe kila kasoro ina mlio wake, na mlio wa mbuzi ulikuwa wa sindano iliyochakaa. Springi ilikuwa nzima. Tangu siku hiyo daftari zangu zote zina maneno ya watu kama walivyoyasema, na ukizisoma utadhani nilikuwa daktari wa mifugo.

Mosoti alikuja dukani mwaka wangu wa pili au wa tatu. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, mzaliwa wa Ikonge, kazi yake kubeba ngozi za ng'ombe kwa mfanyabiashara mmoja. Alinuka ngozi hizo kiasi kwamba wateja wengine walisogea. Alisimama mlangoni akasema, "Bwana fundi, weka tena hiyo yenye pembe."

"Unanunua?"

"Nanunua kwa masikio."

Fundi alipenda jibu hilo, akairudia sahani ya muziki. Tangu hapo kila siku ya soko Mosoti alitua mzigo wake nje, akasimama mlangoni, akasikiliza tarumbeta za watu wa mbali ambao hata majina yao hatukuweza kuyatamka. Siku moja Fundi alikuwa msikitini na gramafoni moja imefunguliwa, pembe yake ya bati iko juu ya meza. Mosoti akaichukua, akabana midomo kwenye upande mwembamba, akapuliza. Mbuzi wa jirani walikata kamba. Fundi aliporudi alikuta watu wamejaa mlangoni, akauliza, "Nani kafufua mashine isiyo na springi?"

Vita vilipokuja Mosoti alijiandikisha. Alivyosimulia mwenyewe, na huenda aliongeza chumvi, ofisa alimwuliza anajua kazi gani, naye akajibu kwamba anajua kupuliza bati. Wakampeleka kwenye bendi. Alirudi na tarumbeta ya shaba ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu, na neno jipya: jazi. Jazi kwetu ilikuwa bendi yoyote ambayo watu wake wamevaa tai. Yeye alikuwa na tai moja, wenzake wawili wa magitaa walivaa kwa zamu, na mpiga ngoma hakuhitaji kwa sababu aliketi nyuma.

Walicheza kwenye ukumbi huu huu, uliojengwa baada ya vita. Wakicheza Jumamosi, Wasabato wananung'unika. Wakicheza Jumapili, Wakatoliki wananung'unika. Mosoti akahamia Jumatano alasiri, wakaja wote, na kila upande ulisema umekuja kuona kama upande wa pili umekuja.

Wakati huo Fundi Ramadhani alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, ameniachia koleo zake mbili na kanuni zake mbili. Ukumbi uliletewa redio kubwa ya betri ili wananchi wasikie matangazo ya Kiswahili kutoka Nairobi, nikaajiriwa kuitunza. Haukupita muda, watu wa redio wakamsikia Mosoti kwenye harusi fulani wakamchukua. Wakampa nusu saa kila Jumatano jioni. Alipiga tarumbeta mwanzo na mwisho, na katikati akawa Mzee Masikio.

Mzee Masikio alikuwa mzee kiziwi asiyekubali kwamba ni kiziwi. Mwanawe akimwambia, "Mzee, karani anataka kodi," yeye hujibu, "Kondoo? Kondoo wangu hauzwi!" Ukiyasoma hapa hayachekeshi. Ilibidi uisikie sauti yenyewe, sauti ya mzee wa Ikonge aliyekunywa uji wa moto. Watu walitoka Nyacheki kwa miguu kuja kumsikia. Madereva wa malori walisimamisha mizigo ya ndizi kando ya barabara, wakaingia na kofia mkononi kana kwamba wanaingia kanisani.

Ukumbi wetu ulicheka mara mbili. Kicheko cha kwanza kilikuwa cha wanaojua Kiswahili, wachache, waliokaa mbele. Kisha hao walioko mbele waligeuka wakawatafsiria wa nyuma kwa Kikisii, na hapo kikaja kicheko cha pili. Hicho cha pili kilikuwa kikubwa zaidi, kwa kuwa wafasiri nao waliongeza chao. Tatizo ni kwamba wakati wa kicheko cha pili Mzee Masikio alikuwa ameshafika kwenye kichekesho kingine, na wa mbele wakawanyamazisha wa nyuma. Nilisuluhisha ugomvi huo kila Jumatano kwa miaka mingi, na haumo kwenye orodha ya kazi zangu.

Kabla ya tarumbeta ya mwisho Mosoti aliacha sauti ya mzee akasoma taarifa za wasikilizaji: nani amezaa, nani anatafutwa, nani arudi nyumbani. Watu wengi waliokuwa kazini Nairobi hawakuwa na anwani ya kutegemewa, lakini Jumatano jioni kila Mkisii wa Nairobi alikuwa karibu na redio fulani. Taarifa za huku zilipitia kwangu. Mtu alisema, nikaandika daftarini maneno yake yote, kama Fundi alivyonifunza. Kisha nikayasafisha na kuyahamishia kwenye fomu ya kwenda Nairobi. Fomu haikuruhusu zaidi ya maneno kumi na mawili, jina la mtumaji na kwao, yaliyoandikwa juu, hayahesabiwi. Nilikuwa hodari wa kupunguza maneno. Nasema hivyo bila kujisifu, na mtaona kwa nini.

Asubuhi moja ya Jumatatu aliingia mwanamke kijana, upindo wa gauni umelowa matope hadi magotini. Alikuwa ametoka Ikonge kabla ya jua.

"Bwakire," akasalimu.

"Bwakire, dada. Una taarifa?"

"Ee. Mimi ni Kerubo. Nataka ndugu yangu Makori asikie. Iko Nairobi kwa karakana ya reli. Kila Jumatano anasikiza Mosoti, hawezi kosa."

"Haya, sema."

"Andika: Baba iko mgonjwa mono. Anataka kuona wewe. Kuja mbio."

Nikaandika. Akaongeza maneno mengine, nayo nikayaandika, lakini kwa sikio moja, kwa kuwa akili yangu ilikuwa imeshaanza kuhesabu. Alipomaliza nilichukua fomu nikatengeneza: *Makori, karakana ya reli. Baba yako ni mgonjwa sana. Anakuita. Njoo upesi.* Maneno kumi na mawili kamili. Nilimsomea. Alisikiliza kwa makini akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu neno alilolingojea alilisikia. Akanishukuru, akarudi Ikonge kumwuguza mgonjwa wake.

Wakisii mnaosoma mmeshaona. Kwa wengine nieleze. Kwa Kikisii mtu humwita mama yake mzazi baba. Baba yake humwita tata. Mimi nilikuwa nimekaa Kisii zaidi ya miaka kumi na mitano na jambo hilo nililijua, nimewasikia watoto wakilia "baba" wakikimbilia mgongo wa mama zao. Lakini mkono ukishaanza kuandika Kiswahili, na sikio nalo huvaa Kiswahili. Wala Kiswahili chenyewe hakikunizindua: kikisema "anaumwa," hakikuambii ni mwanamume au mwanamke. Nilimsahihishia dada yule kila kitu, "iko" nikaifanya "ni," "mono" nikaifanya "sana," nikaacha neno moja tu lililohitaji kusahihishwa.

Jumatano ile Mzee Masikio alikuwa na kichekesho ambacho mpaka leo watu wanakirudia. Jirani anamwambia, "Mzee, rafiki yako amekufa." Yeye anajibu, "Amekuja? Mwambieni aingie, chai iko tayari!" Kicheko cha kwanza, kicheko cha pili, nikafikiri dari litashuka. Kisha Mosoti, hata pumzi hajavuta vizuri, akasoma taarifa: Makori wa karakana ya reli, baba yako ni mgonjwa sana, anakuita. Ukumbini hakuna aliyeshtuka. Mimi nilikuwa nafuta asidi kwenye kifuniko cha betri.

Makori alikuja ofisini kwangu wiki mbili baadaye. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kama cha mfiwa. Hakuketi.

"Wewe ndiye unaandika hizi maneno za redio?"

"Ndiyo mimi."

"Tata alikufa kabla ya vita. Kila mtu kwa karakana anajua. Sasa redio inasema baba yangu ni mgonjwa, ananiita, na ni hapo tu Mzee Masikio amemaliza kusema amekufa, amekuja. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, bwana! Nilisema Mosoti amenitania mtu wa kwao. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Mtu alitumwa kwa basi kuniambia. Nimefika jana. Wameshazika. Kerubo alisema baba, mama yetu. Nani huyo alifanya ikuwe baba ya Waswahili?"

Daftari lilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Nililihisi kana kwamba lina joto. Niliogopa kazi yangu, na zaidi ya kazi niliogopa isemwe sokoni kwamba Mjaluo amemtenganisha mtu na mama yake kwa kalamu.

"Taarifa husomwa Nairobi," nikasema.

Neno la kweli kabisa. Hakuna uongo mbaya kama ule unaoundwa kwa maneno ya kweli. Makori aliniangalia, akasema, "Basi nitamwuliza Mosoti huko huko," akatoka.

Nilingoja kufukuzwa. Nilijua fomu yenye mwandiko wangu iko Nairobi, na Mosoti akimwonyesha Makori, yamekwisha. Wiki ya kwanza nilisafisha ofisi. Ya pili nilipaka koleo mafuta. Ilipofika ya nne, Mosoti mwenyewe alikuja Kisii kupiga kwenye harusi ya binti wa mtu, akapitia ukumbini saa za mchana, akakuta niko peke yangu. Akafunga mlango. Akatoa karatasi mfuko wa koti akaiweka mezani. Nikaujua mwandiko.

"Petro, kwa Kikisii baba ni nani?"

"Mama," nikasema.

"Eeh."

Nje mvua ya saa tisa ilikuwa inaanza.

"Makori alikuja studio akitaka kunipiga," akasema. "Nikamwambia fomu ilisema mama, mimi ndiye nilisoma vibaya. Nikasema nilikuwa bado na masikio ya yule mzee."

"Kwa nini, Mosoti?"

"Mimi nikikosea watu wanacheka. Wewe ukikosea wanakufukuza, na wewe si mtu wa hapa." Akaikunja karatasi. "Tena si uongo mtupu. Mimi ni mtu wa Ikonge. Mama yangu mwenyewe namwita baba. Hiyo karatasi ilisema Ikonge juu, ikasema baba katikati, na mimi nikaipita mbio kwa sababu watu walikuwa wanacheka vizuri. Kosa tuligawane. Lakini wewe usinifanyie hivyo tena. Andika vile wanasema."

Yalikuwa maneno ya Fundi Ramadhani, ingawa hakujua. Nililia mbele yake, na sioni haya kuyaandika hayo sasa. Alinipigapiga bega akaenda kupuliza tarumbeta yake. Karatasi ile sikuiona tena.

Tangu hapo kila taarifa ya Kisii au Nyamira ilipotaja baba, Mosoti aliirudia sauti ya mzee katikati ya kusoma: "Ngoja, ngoja! Hiyo baba ni ya Kisii ama ni ya Waswahili?" Kisha akaeleza ni nani. Watu walikipenda kichekesho hicho kuliko vyote. Watoto walikiimba barabarani. Mtu akitaka kumtania mwenzake Keroka aliuliza hivyo, na mapadri walilalamika kwamba wao nao, wakiitwa baba, huulizwa hivyo hivyo. Ukumbi ulicheka mara mbili, kicheko cha kwanza na cha pili, na karibu na betri alikuwapo mtu mmoja ambaye hakucheka hata mara moja. Ikiwa mlijiuliza kwa nini Bwana Petro ni mkavu, jibu ndilo hilo.

Mwaka jana kifua kilimkamata Mosoti. Kwa mpiga tarumbeta hilo ni kama seremala kukatwa mikono. Alilazwa Nairobi, wiki chache Mzee Masikio hakusikika, kisha taarifa yake ikasomwa na sauti ya mtu mwingine. Mtu mmoja wa nyuma ukumbini akauliza kwa Kikisii, "Amesema amekuja?" Hakuwa anatania. Alitaka iwe hivyo.

Tukaafikiana wapenzi wake tukutane Jumatano, saa zile zile za alasiri alizokuwa akicheza zamani. Walikuja wengi kuliko viti. Nilileta gramafoni kutoka nyumbani tukacheza sahani yake moja ambayo haijakwaruzika. Dereva wa lori wa Keroka alisimulia jinsi alivyoozesha mzigo mzima wa ndizi kwa ajili ya nusu saa, na tajiri wake alipomgombeza akamwalika aje asikilize, na wiki iliyofuata wakaozesha wa pili wakiwa pamoja. Mama mmoja wa Nyacheki alisema mumewe hakuwahi kucheka ndani ya nyumba mpaka Mzee Masikio. Mzee mmoja wa nyuma, wa kicheko cha pili, akakiri kwamba kwa miaka yote hiyo Kiswahili alichokijua ni maneno mawili tu. Akasimama akapaza sauti: "Amekufa!" Ukumbi mzima ukaitika: "Amekuja!"

Kisha akasimama mtu mwenye mvi za kwanza, aliyevaa koti la reli. Sikumtambua mpaka alipofungua mdomo.

"Mimi ni Makori wa Ikonge," akasema. "Ile 'baba ya Kisii ama ya Waswahili,' hiyo ni ya kwangu." Watu wakaanza kucheka, akainua mkono. Akasimulia yote: taarifa, kicheko cha karakana, mama aliyezikwa. "Mosoti alinikubalia kwamba karatasi ilisema mama na yeye akakosea. Mimi nilimchukia. Kila Jumatano akisema hiyo maneno nilizima redio. Halafu siku moja sikuizima, nikaelewa. Huyu mtu ananiomba msamaha kila wiki mbele ya nchi nzima, na ni mimi peke yangu najua. Nilimsamehe, lakini sikuenda kumwambia. Sasa nimekuja kusema hapa."

Akaketi. Watu wakapiga makofi polepole. Hapo ndipo nilipoona kwamba nikinyamaza, Mosoti atabaki na kosa langu kaburini, na tena atabaki nalo akiwa amesamehewa, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa kuwa halitaulizwa tena. Ilikuwa imebaki miezi michache nistaafu. Ningeweza kunyamaza hadi mwisho bila mtu kujua.

Niliondoka nikaenda ofisini. Daftari la mwaka ule lilikuwa chini kabisa ya droo. Nilirudi, nikasimama karibu na redio mahali nilipozoea.

"Makori," nikasema, "Mosoti hakukosea kusoma. Alisoma kilichoandikwa. Aliyeandika ni mimi. Alikuongopea ili nisifukuzwe."

Mara hii ukumbi haukuhitaji mfasiri. Makori alisimama.

"Miaka hii yote?"

"Yote."

"Na siku ile nilikuja hapa?"

"Daftari lilikuwa kwenye droo. Hili hapa. Ndani yake kuna maneno ya dada yako yenyewe, kabla sijayatengeneza."

Alikuja mbele akalichukua. Akasoma kimya kwanza, midomo ikicheza, na nikaona amefika mwisho wa yale aliyoyajua akaendelea. Akainua macho. "Haya mengine yalienda wapi?"

"Fomu ilichukua maneno kumi na mawili."

Akayasoma tena, sasa kwa sauti, mwandiko wangu na kinywa cha Kerubo: "Baba iko mgonjwa mono. Anataka kuona wewe. Kuja mbio. Baba anasema, kama utafika upate amelala, usiamshe yeye. Kaa tu karibu."

Hakusema kwamba amenisamehe, wala sikumwuliza. Aliniomba ukurasa. Kanuni za ofisi haziruhusu kuchana daftari la serikali, na karani mpya atauona upungufu huo, kwa hiyo namwandikia hapa asijisumbue kuutafuta. Niliuchana mimi.

Wiki iliyofuata Kerubo alikuja sokoni akanipitia. Aliniambia kwamba kaka yake alifika Ikonge asubuhi ya Alhamisi, hakuingia nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la mama yao. Aliketi kwenye nyasi kando yake tangu umande haujakauka mpaka mvua ya saa tisa, na muda wote huo hakutamka neno.